Jaketi Kwanza, Boti Baadaye

Thika na Ruiru hazina ziwa wala bahari, na pengine ndiyo sababu ajali za boti huonekana kuwa shida ya watu wa Kisumu na Lamu. Hata hivyo, wikendi na sikukuu familia na makundi ya wanafunzi humiminika Fourteen Falls, maporomoko ya mto Athi karibu na Kilimambogo, ambako vijana wa pale huwazungusha wageni kwa boti kwa malipo kidogo. Kwa maoni yangu, asiyevaa jaketi la kuokoa maisha asipande, hata kama safari ni ya dakika tano, na wa kwanza kuulizwa awe yule anayepokea nauli.

Mto ule haupimwi kwa macho. Unabeba pia maji ya mto Nairobi, hivyo mvua ikinyesha jijini, unaweza kufurika Kilimambogo huku jua linawaka. Pale maporomoko yanapoangukia, maji ya povu yamejaa hewa. Hayambebi mtu juu kama maji yaliyotulia, na mkondo unaorudi nyuma humvuta tena chini ya maporomoko. Kwa hiyo anayesema “mimi najua kuogelea” hanishawishi, hasa ikiwa alijifunzia kwenye kidimbwi cha hoteli. Jaketi lenyewe nalo huzidiwa na povu hilo, ndiyo maana boti haifai kusogezwa karibu eti watu wapige picha nzuri.

Wapo wanaoona inatosha majaketi yawemo botini. Novemba 24, 2018, boti ya starehe ilizama Ziwa Victoria upande wa Mukono, Uganda, ikiwa imejazwa kupita kiasi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Polisi walieleza kwamba majaketi yalikuwemo, ila abiria hawakuyavaa. Marekani nako, takwimu za walinzi wa pwani za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba kati ya waliokufa maji katika ajali za boti za burudani, takriban asilimia 85 hawakuwa na jaketi mwilini. Boti ikishapinduka, hakuna nafasi ya kutafuta vifungo. Tena livae likukae: mwenzako akilivuta juu mabegani na likakufika masikioni, hilo ni kubwa mno na majini litakuchomoka.

Waendesha boti watauliza pesa za majaketi zitatoka wapi, na swali lao ni la haki, kwa kuwa wengi wao ni vibarua wa siku. Lakini wageni hulipa kiingilio langoni. Sehemu ya fedha hizo inunue majaketi, yakiwemo ya watoto, yawekwe pamoja na kuazimwa kwa kila boti. Mlinzi anayekagua risiti akague na majaketi, na mto ukijaa afunge safari zote. Wewe mzazi au mwalimu, uliza jaketi kabla ya kuuliza bei. Wakikosa la mtoto, mtoto abaki ukingoni.