Kiwanja bila mnara: sentensi moja ya radio iliyokatika ilivyogharimu watu 14

Kwenye viwanja vikubwa vya ndege, kama N'djili kule Kinshasa, kuna watu wamekaa juu kwenye mnara. Wao ndio wanaambia kila rubani: wewe ngoja, wewe shuka. Viwanja vidogo vingi havina ule mnara. Hapa kwetu, kwenye pisti za udongo zile zinapokea ndege ndogo za misioni na za misaada, mara nyingi hakuna mtu wa kuamuru. Na si Kongo tu: hata Marekani viwanja vilivyo vingi viko vile vile.

Basi marubani wanapangana namna gani? Ni kama njia panda pasipo polisi wa rulaji. Unapiga klakso, unaangalia kushoto na kuume, unapita. Klakso ya rubani ni radio. Wote wanaokaribia kiwanja wanafungua frekansi moja na kila mmoja anajitangaza: mimi ni fulani, niko upande huu, nakuja kushuka kwenye pisti hii. Hata ndege kubwa zinazopita juu ya nchi yetu zinatumia mtindo huo. Ziko na frekansi yao, 126.9, wanapashana habari wao kwa wao.

Utaratibu huo unafanya kazi kila siku. Lakini unasimama juu ya masikio na macho ya watu, na mtu anaweza kuwa na mengine kichwani.

Tarehe 19 Novemba 1996, magharibi, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900 ilikuwa inakuja kushuka Quincy, mji wa jimbo la Illinois, Marekani. Ndani mlikuwa abiria 10 na marubani 2. Kiwanja hakikuwa na mnara, na pisti zake zinakatana kama msalaba. Kwenye pisti nyingine ilisimama ndege ndogo, King Air, yenye watu 2, tayari kuruka. Nyuma yake ndege ya tatu, Cherokee, ilingoja zamu yake.

Rubani mkuu wa ndege ya abiria, mwanamke, alifanya inavyotakiwa. Alijitangaza tena na tena, kisha akauliza wazi: wewe uliye kwenye pisti, unangoja ama unaruka? King Air haikujibu kitu. Aliyejibu ni rubani wa Cherokee, wa nyuma, akisema kwamba yeye anangoja. Katikati ya maneno yake, mashine ndani ya ndege ya abiria ikapaza sauti kutaja kimo: futi 200. Sentensi ikafunikwa. Kilichosikika vizuri ni neno « King Air ». Rubani mkuu akafikiri ndiye King Air mwenyewe amekubali kungoja, akashukuru, akaendelea kushuka. Hakuna aliyemsahihisha.

Aliyewahi kutumia foni ya parokia anaijua hali hii. Unasikia nusu ya maneno, unajaza nusu nyingine mwenyewe, na unaijaza na kile ulichokuwa unangojea kusikia.

King Air ikaanza kukimbia. Zikagongana pale pisti zinapokatana.

Linaloumiza zaidi ni hili: wachunguzi waliona kwamba kishindo chenyewe hakikuua watu wa ndege ya abiria. Waliokimbilia pale walimkuta rubani mkuu hai, akiomba mlango ufunguliwe. Mlango ulikataa, moto ukapanda, na kiwanjani hapakuwa wazima moto. Wote 14 wa ndege zile mbili walikufa.

Kosa kubwa wachunguzi waliliweka kwa marubani wa King Air: hawakufuatilia radio sawasawa wala kuangalia nje vya kutosha. Mtu atauliza, walikuwa wanafanya nini? Ndani ya ndege inayojiandaa kuruka kazi za kuinamia hazikosi: kupitia orodha, kugusa vifaa, kumfundisha mwenzako. Hakuna haja ya uzembe mkubwa. Dakika moja ya kichwa chini inatosha.

Marekani walikuwa na sheria juu ya jambo hili tangu 1981. Ilitokana na ajali ya Charlotte mwaka 1974, pale marubani walipokuwa wanaongea siasa na magari huku wakishuka kwenye ukungu. Zaidi ya watu 70 walikufa. Sheria inasema: chini ya futi 10,000, yaani kama kilomita 3, hakuna mazungumzo wala kazi isiyohusu usalama wa ndege. Lakini iliandikwa kwa kampuni za abiria. King Air ya Quincy ilikuwa ya binafsi.

Kwetu, abiria wa ndege ndogo mara nyingine anakaa bega kwa bega na rubani. Wakati wa kuruka na wa kushuka, nyamaza, hata kama una swali. Isipokuwa umeona ndege nyingine, ama mbuzi, ama watu wanakatiza pisti: hapo sema haraka, na uonyeshe kwa kidole. Na wewe unayekaa karibu na kiwanja, ile pisti inayoonekana tupu si njia ya mkato. Rubani anayeshuka hana frekansi ya kukuita wewe.

Quincy wenyewe, mpaka leo kiwanja chao hakina mnara. Marubani wanaendelea kujitangaza.