Kompyuta za mitumba Mara: Nakala iliyovuja ilivyotangulia kupanga bei

WAFANYABIASHARA wa kompyuta zilizotumika katika miji ya Musoma na Bunda, pamoja na wenye steshenari hadi Butiama, wanauza na kununua katika soko ambalo bidhaa mbili zinazofanana kwa sura hazifanani tena kwa thamani. Kompyuta mpakato mbili, zote Core i5, zote safi kwa nje, zinaweza kuwekwa meza moja huku moja ikiwa imepoteza huduma ya mtengenezaji wa programu. Hiyo ni kwa sababu Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha kutoa bure marekebisho ya usalama ya Windows 10, na si kila mashine inakubali Windows 11.

Jambo hili halikuja ghafla. Dalili yake ilionekana miaka minne kabla, tena kwa mlango wa uani, katika nakala ya majaribio iliyovuja.

Kwa msomaji asiye fundi, Windows ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiwezesha kompyuta kuwaka na kuendesha programu nyingine zote. Kabla ya mfumo kama huo kuuzwa, kampuni hutengeneza matoleo mengi ya majaribio, kila moja likiwa na namba yake. Hayo hubaki kwa wahandisi na kwa washirika waliokubaliwa. Moja likitoka nje bila idhini na kusambaa, ndiyo husemwa limevuja.

Juni 15, 2021 picha za Windows 11 zilionekana kwenye mtandao wa Baidu wa China, na muda mfupi baadaye nakala kamili, namba 21996, ikawa mikononi mwa kila aliyeitaka. Microsoft ilikuwa imepanga kuitangaza Juni 24. Baadaye kampuni hiyo iliiandikia Google ikitaka kiungo cha kupakulia nakala hiyo kiondolewe, na kwa kuandika hivyo ikawathibitishia waliokuwa na shaka kwamba mali ilikuwa yake.

Mapokezi yalikuwa ya kelele nyingi. Wengi walibishana juu ya kitufe cha kuanzia kilichohamishiwa katikati, pembe za madirisha zilizoviringwa, na upau wa chini uliokataa kuhamishwa pembeni. Wengine walisema ni Windows 10 iliyopakwa rangi, wengine kwamba imeiga kompyuta za Apple. Waliofuatilia kwa karibu walitambua sura ya Windows 10X, mradi ambao Microsoft ilikuwa imeuacha mwezi Mei mwaka huohuo.

Kwa maoni ya ukurasa huu, mabishano hayo hayakuwa na uzito wowote sokoni. Habari yenye fedha ndani yake ilikuwa ujumbe mfupi waliokutana nao baadhi ya waliojaribu kupiga Windows hiyo: kwamba kompyuta yao haiwezi kuipokea kwa kuwa haina TPM 2.0. Hicho ni kifaa cha usalama kinachotunza funguo za siri za kompyuta, kikiwa chipu ya peke yake au sehemu ya prosesa. Mafundi wengi walichukulia ujumbe huo kama kero ya nakala ya majaribio, wakabadilisha faili moja katika nakala yao na kuendelea. Wachache walijiuliza kama sharti lile lingebaki.

Lilibaki, na likaongezewa jingine. Juni 24 Microsoft ilitangaza kuwa pamoja na TPM 2.0, prosesa za Intel ziwe za kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache za kizazi cha 7 zilizoongezwa baadaye, na za AMD zianzie Ryzen 2000. Kumbukumbu isipungue GB 4 na nafasi ya kuhifadhia GB 64. Sharti la prosesa, ambalo ndilo zito zaidi kwa mitumba, nakala iliyovuja haikuwa imelionyesha wazi. Mfano uliochukuliwa kiwandani kabla kazi haijakwisha husema nusu.

Walanguzi hawakusubiri. Katika siku zilizofuata tangazo hilo, chipu ya TPM iliyokuwa ikiuzwa dola 24.90 mtandaoni ilionekana ikitakiwa dola 99.90 baada ya saa 12 hivi. Wengi walionunua walitupa fedha, maana prosesa za miaka ya karibuni huja na TPM ndani yake, ikiwa imezimwa tu. Fundi huiwasha kwenye BIOS, mahali inapoitwa PTT kwa Intel na fTPM kwa AMD.

Turudi Mara. Bunda iko kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari, hivyo mzigo unaotoka Mwanza kwenda Musoma hupita hapo kwanza, na mteja wa Butiama, ambako kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, hupata kilichochaguliwa na wengine njiani. Mitumba mingi ya kompyuta hutoka maofisi ya nje yanapobadilisha vifaa. Kwa kuwa ofisi hizo nazo zililazimika kuachana na mashine zisizokubali Windows 11, zinazokuja kwa bei ya chini kabisa ndizo zilizokataliwa huko. Bei ya kutupa ina sababu yake.

Njia ya kupima ni rahisi. Usisome kibandiko cha i3, i5 au i7 peke yake, soma namba inayofuata. Prosesa i5-8250U ni ya kizazi cha 8, i5-7200U ni ya 7, na i7-10510U ni ya 10. Kwa hiyo i7-4600U yenye jina kubwa imezeeka kuliko i3-8100, na muuzaji anayeisifia kwa herufi na tarakimu ya kwanza anauza jina. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uone kama imeandikwa 2.0.

Upande wa programu kuna hasara nyingine. Mwezi Julai 2021 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilieleza juu ya faili lililosambazwa kwa jina la nakala ileile 21996, likidaiwa kuja na kifaa cha kufungulia leseni. Lilikuwa na uzito wa GB 1.75, sehemu kubwa ikiwa takataka za kulijaza lionekane la kweli. Kazi yake ilikuwa kuvuta programu nyingine, kuanzia za matangazo hadi za kuiba nywila. Anayenunua bando aone hapo alilipia nini.

Mwenye steshenari aogope zaidi ya mtu wa nyumbani. Kwenye mashine yake wanafunzi hujaza maombi ya mkopo wa HESLB, wafanyabiashara hufungua kurasa za TRA na BRELA, na nywila zote hupita kwenye kibodi moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, humtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Biashara ya nakala za majaribio ni ya zamani. Mwishoni mwa mwaka 2003 diski za Longhorn, toleo ambalo baadaye liliitwa Vista, ziliuzwa madukani Johor Bahru, Malaysia, kwa ringgit 6, yaani chini ya dola 2 za Marekani. Vista yenyewe ilifika kwa wanunuzi wa kawaida Januari 2007, tena bila WinFS, mfumo mpya wa kuhifadhi mafaili uliokuwa umenadiwa sana. Walionunua diski walinunua bidhaa ambayo haikutokea.

Ukiletewa kompyuta yenye maneno "Evaluation copy" kwenye kona ya chini kulia, hiyo ni Windows ya majaribio. Matoleo ya namna hiyo kwa kawaida yana tarehe ya mwisho, ambayo huonekana kwa kuandika winver. Idai Windows kamili kabla ya kulipa.

Kwa aliye na mashine ya zamani ambayo bado inafanya kazi, Microsoft iliweka mpango wa nyongeza wa marekebisho ya usalama ya Windows 10 kwa watu binafsi, dola 30 au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya kampuni hiyo, mpaka Oktoba 13, 2026. Kwa makampuni ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka unaofuata, kwa muda usiozidi miaka mitatu. Linux nayo ni ya bure na huenda vizuri kwenye prosesa za kizazi cha 4 na cha 6, ila hakikisha kwanza kwamba printa na mashine ya kudurufu uliyonayo inaitambua.