Kicheko Kina Mwenyewe

Baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja wa Mngeta alimwonyesha mama yake simu. Mwenye duka la pembejeo alimtaka aigize mkulima mzembe aliyepitiwa na usingizi wakati wa kuamia ndege, hata kwelea-kwelea wakaumaliza mpunga. Kijana ajicheke, duka lipate wateja, naye alipwe shilingi 30,000. Mama alitazama video ya majaribio, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza: "Mwanangu, watakuonyesha mpaka lini?"

Wengi wetu tumwonapo msanii akijishusha hadharani hukimbilia kuuliza kama kujidhihaki ni halali. Mtume (s.a.w.) aliwatania maswahaba zake, ila hata katika utani hakusema lisilo kweli, na aya ya 11 ya Suratul Hujurat inakataza kuwacheka wengine kwa dharau. Mtu kuigiza uzembe, hali kila mtazamaji anajua kuwa ni maigizo, mimi sioni kuwa kunamvunjia heshima. Wanazuoni wana nafasi ya kunisahihisha. Nionavyo, heshima huvunjika mahali pengine.

Mwaka 2022 mwanamuziki Harmonize alisimamisha bango barabarani Dar es Salaam, akimwomba msamaha mwigizaji Kajala Masanja. Watu walimcheka, nao vijana wakasema ni kiki tu. Iwe kiki au majuto ya kweli, bango lilikuwa lake: yeye ndiye aliyeamua achekwe wapi na kwa muda gani.

Marehemu Mzee Majuto, yaani Amri Athumani wa Tanga, hakuwa na bahati hiyo. Kwa miongo mingi alijifanya mzee wa kuumbuka, na makampuni yakaitafuta sura yake kwa matangazo. Alipolazwa mwaka 2018, yalizuka malalamiko kwamba matangazo hayo yalimnufaisha kidogo mno. Aliyekuwa Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba. Mzee wetu alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Taifa lililocheka naye lilijua habari za mikataba yake akiwa tayari kitandani.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni la muda na kuweka mashahidi. Tunaikumbuka tukikopeshana fedha. Tukiuza sura na sauti zetu tunaridhika na kupeana mikono.

Mama yule hakumkataza mwanawe. Walikaa mkekani, wakaandika kwenye karatasi ya daftari: video itumike msimu mmoja, isiuzwe kwa duka jingine, na ikirudiwa mwakani alipwe tena. Baba mdogo akaweka saini ya shahidi.

Mwenye duka aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akasema atajibu baada ya mavuno. Kijana amerudi shambani kuamia ndege, na safari hii halali.