Maumivu ya Kiuno: Jinsi Mganga Anavyotambua Asili Yake

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya maumivu ya kiuno. Nyumba zisizoyajua ni chache. Mkulima huyapata wakati wa palizi, mchukuzi huyapata bandarini, na mama huyapata akirudi mtoni na ndoo kichwani. Na mara mtu anaposhika kiuno chake, majirani humpa ugonjwa wake jina. Huyu husema ni ngiri, yule husema ni figo, na wa tatu husema ni baridi iliyoingia mifupani. Huenda mmoja wao akawa amesema kweli. Lakini jina lililotolewa kabla ya mgonjwa kupimwa ni kama bei iliyotajwa kabla ya mzigo kufunguliwa.

Kwanza na tutazame jinsi kiuno kilivyoumbwa. Uti wa mgongo si mfupa mmoja, bali ni pingili nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katika kiuno zimo 5, nazo ni kubwa kupita zote, kwa kuwa hubeba uzito wa mwili ulio juu yake. Kati ya pingili na pingili pana kisahani cha gegedu, kigumu pembeni na laini ndani, kizuiacho mifupa isisagane. Nyuma ya visahani hivyo hupita mishipa ya fahamu iendayo miguuni na kwenye viungo vya haja. Tena vyote vimefungwa kwa kano na misuli. Kila kimoja cha vitu hivi chaweza kuuma, na vingi huuma mahali pamoja. Kwa sababu hiyo mahali pa maumivu peke yake hapamjulishi mtu asili yake.

Mganga hodari huanza kwa masikio kabla ya mikono. Huuliza: Maumivu yalianza lini, ghafula au polepole? Hupungua ukilala, au hukuamsha usiku? Hushuka mguuni? Je, una homa, au jasho la usiku, au umekonda? Umepata kuanguka? Hunywa maziwa mabichi? Swali hili la mwisho si la upuuzi, kwa maana iko homa ipatikanayo kwa maziwa ya mifugo wagonjwa, nayo yaweza kukaa katika pingili za kiuno. Mwisho huuliza kama haja kubwa na ndogo hutoka vyema. Maswali mengine humtia mgonjwa haya. Lakini wazee walisema, mficha uchi hazai.

Kisha humtaka mgonjwa ainame, atembee kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole. Mguu mmoja ukishindwa, huenda mshipa wake wa fahamu umebanwa. Halafu humlaza chali na kuuinua mguu mmoja umenyooka. Maumivu yakipiga mbio kutoka kiunoni hadi chini ya goti, dalili hiyo huelekea upande ule ule. Mwaka 1934 waganga wawili wa Boston katika Marekani, Mixter na Barr, walieleza kwamba kisahani kilichopasuka na kutokeza nyuma chaweza kuubana mshipa wa fahamu na kuleta maumivu ya namna hii. Walio wengi miongoni mwa wagonjwa hawa hupona bila kupasuliwa.

Mganga pia huzipapasa pingili moja moja. Akikuta moja inayouma sana ikigongwa, au iliyotokeza kama kigongo, hukumbuka kifua kikuu. Watu wengi hudhani kwamba ugonjwa huo hukaa mapafuni tu, kumbe waweza kuzila pingili. Mganga Percivall Pott wa London aliueleza mwaka 1779: uti hupinda, na miguu hulegea hata mgonjwa asiweze kusimama. Huja polepole, kwa majuma na miezi, na mara nyingi bila kikohozi. Siku hizi dawa zake zipo, na katika hospitali za serikali za Kenya na Tanzania hutolewa bure. Lakini hufaa zaidi zikianza kabla miguu haijalegea.

Baadhi ya wagonjwa hunung'unika wasipopigwa picha. Lakini picha yaweza kupoteza njia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya habari za watu 3,110 wasioumwa mgongo. Picha zilionyesha visahani vilivyochakaa katika watu 37 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 20, na katika 96 kwa kila 100 wenye miaka 80. Basi kuchakaa huko ni kama mvi za kichwani, wala si lazima kuwe ndiko kunakouma. Mganga huagiza picha pale maswali na vipimo vya mkono vimempa sababu ya kuitaka.

Walio wengi hawana ugonjwa wa hatari. Misuli na kano zimeteguka au kuchoka, na maumivu hupungua katika majuma machache. Hao wasilale kitandani mchana kutwa. Watembee, wafanye kazi nyepesi, na kuongeza kidogo kidogo.

Lakini nenda hospitali upesi ukiona homa, kukonda, maumivu yasiyopoa usiku, kigongo kipya, au maumivu baada ya kuanguka vibaya. Nenda siku ile ile, hata kama ni usiku, miguu ikilegea, au ukifa ganzi katikati ya mapaja, au haja ndogo ikikataa kutoka au ikitoka yenyewe. Hapo mishipa ya fahamu yabanwa, na mgonjwa akicheleweshwa kwa kuchuliwa na kuchanjwa chale, huenda asitembee tena. Na ufikapo kwa mganga, usimwambie jina ulilopewa na majirani. Mweleze unavyoumwa, tangu lini, na chochote kilichobadilika mwilini mwako.