Orodha Ndani ya Orodha: Mabano ya Kompyuta na Upatanisho wa Kisarufi

Masaki ni jina la kata wilayani Kisarawe. Ni jina pia la eneo katika rasi ya Msasani, Dar es Salaam. Chole ni kata ya Kisarawe na vilevile ni kisiwa cha wilaya ya Mafia, na wilaya hizo mbili zimo katika mkoa mmoja wa Pwani. Kisarawe yenyewe ni wilaya, tena ni kata ndani ya wilaya hiyo. Jina la mahali, basi, halijitoshelezi mpaka lijulikane limo ndani ya nini.

Haja hiyo hiyo huwakabili waandishi wa programu za kompyuta za daraja la kati, hususan AS/400 iliyotangazwa na IBM mwaka 1988, ambayo mfumo wake ungali ukitumika kwa jina la IBM i. Tuchukue amri ya kubuni yenye kigezo hiki:

VITUO((CHOLE KISARAWE) (CHOLE MAFIA) (MASAKI KISARAWE))

Mtumiaji huona mabano, lakini programu inayopokea kigezo haiyaoni kamwe. Inachopewa ni mfululizo wa baiti. Baiti 2 za kwanza hutaja idadi ya orodha za ndani, yaani 3. Hufuata namba tatu, kila moja ya baiti 2, zinazoonyesha umbali wa kila orodha kutoka mwanzo wa kigezo. Kila orodha ya ndani nayo huanza kwa baiti 2 za idadi ya vipengele vyake, kisha vipengele vyenyewe.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Orodha ya kwanza kuandikwa si lazima iwe ya kwanza kuhifadhiwa. Anayesoma kwa kufuata ujirani, bila kuutazama umbali, huenda akaitia Masaki mahali pa Chole. Aidha, umbali huhesabiwa kuanzia sifuri, ilhali kazi ya kukata matini katika lugha ya amri, %SST, huhesabu kuanzia moja. Umbali wa 8 ni nafasi ya 9. Asiyeongeza moja husoma baiti isiyo yake, na pengine programu isilalamike hata kidogo.

Kiswahili kinapotamkwa hakina mabano. Kazi hiyo hufanywa na upatanisho wa ngeli, unaolielekeza neno kwenye nomino yake hata kama nomino hiyo iko mbali. Katika "orodha ya vijiji vya kata vilivyosahihishwa", kiambishi vi- huruka kata na kurejea vijiji. Ujirani haukitii hofu. Lakini tuseme "orodha ya vijiji vya kata iliyosahihishwa". Ni kipi kilichosahihishwa, orodha au kata? Nomino zote mbili zimo katika ngeli ya i-/zi-, na kiambishi i- kinaweza kurejea yoyote kati yake.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha katika miaka ya 2000 kwamba istilahi za kompyuta zinapatikana. Mwandishi wa miongozo, hata hivyo, akiwa na istilahi zote bado atakutana na sentensi hiyo. Atalazimika kukisogeza kirejeshi kando ya nomino yake: "orodha iliyosahihishwa ya vijiji vya kata".