Waterford: Ukuta ni wa nani?

WATERFORD, jiji kongwe kuliko yote nchini Ireland, lililoasisiwa na Waviking mwaka 914, lilipata pigo Januari 2009, kiwanda chake mashuhuri cha vyombo vya kioo kilipofungwa na mamia ya wafanyakazi kupoteza ajira.

Tangu mwaka 2015, tamasha la Waterford Walls limekuwa likiwaalika wasanii wa ndani na nje ya nchi kuchora picha kubwa kwenye kuta za jiji hilo.

Hata hivyo, sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1991 inamtia hatiani anayeharibu mali ya mwingine bila idhini. Hivyo, kijana achoraye usiku kwa kificho huweza kufikishwa mahakamani, ilhali mwenzake aliyealikwa hushangiliwa. Kinachowatenganisha si ustadi, bali ridhaa ya mwenye ukuta.