Mboga ya Majani Inataka Mafuta

Fungu la matembele lina karotini nyingi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mlinzi wa macho na kinga dhidi ya maradhi. Lakini karotini huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Mboga iliyochemshwa kwa chumvi tupu hupita tumboni na kuondoka na sehemu kubwa ya faida hiyo. Ikiungwa kwa mafuta kidogo, tui la nazi au karanga zilizotwangwa, mwili huifyonza vizuri zaidi. Ndiyo maana naamini upungufu mwingine wa vitamini A hauanzii sokoni, unaanzia jikoni.

Wapo watakaosema kwamba watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, basi yatosha. Matone hayo huokoa maisha, na mtoto asiyakose. Ila mtoto wa shule hayapati, naye anakula kila siku. Wengine watalalamikia bei ya mafuta, na wana haki. Lakini vijiko vichache kwa sufuria ya familia nzima si anasa. Na penye viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vilivyochangia kumpatia Robert Mwanga wa Uganda na wenzake Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, kiazi kimoja cha wastani chaweza kutosheleza mahitaji ya vitamini A ya mtoto mdogo kwa siku. Viazi vyeupe havina karotini ya kutajika.